Mtumbwi wa Kukanyagia Ngazi

Kosa langu nitalisema mwenyewe, kabla jirani yangu Bi Sikudhani hajalisema kwa sauti yake ile inayofika hadi sokoni. Nilisafiri siku tisa juu ya maji ninayoyaogopa kuliko simba, nikafika Rumonge ili mtoto wa marehemu ndugu yangu akumbuke Kiswahili alichokisahau. Na kazi yangu ya kwanza huko ilikuwa kuwafukuza kwa fimbo watoto wote waliokuwa wakikizungumza. Nikamkalisha ndani ya ua, mimi na yeye na kibao na chaki. Nje ya ua lugha ilikuwa inapiga kelele, inacheka, inagombania mpira wa majani ya mgomba. Ndani ya ua nilikuwemo mimi.

Barazani mmeniuliza kidogo kidogo, na kila aliyepata kipande amekitia chumvi yake. Basi naandika yote kwa mpigo. Habari za vibali na mihuri naziacha, maana hata aliyevitoa alikuwa anapiga miayo.

Wanaonijua wanajua: mimi Bakari ni mtu wa mkekani. Shule ya serikali niliimaliza hadi darasa la juu kabisa, na watu husifu bidii yangu. Ukweli ni kwamba shule ilikuwa vichochoro vitatu tu kutoka kitandani. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua, nao ndio wanaonifuata. Ziwa nalitazama kila siku, nami hupenda linitazame vivyo hivyo, kwa mbali.

Kaka yangu Hamisi, Mungu amrehemu, alikuwa kinyume changu. Alipeleka chumvi Rumonge akarudi na mawese, kama mtu anayevuka uchochoro. Huko akamwoa Nahimana, binti wa milimani, wakamzaa Tatu. Kila alipotua Ujiji, mama yetu alimwuliza kutoka ndani, "Umebeba nini?" naye hujibu akiwa mlangoni, "Mimi na kivuli changu," hata kama nyuma yake kuna wapagazi wanne waliopinda migongo. Na mama humjibu, "Ingia basi, wewe na kivuli chako. Mna njaa?" Ulikuwa mzaha wao tangu Hamisi alipokuwa akitumwa kisimani.

Safari moja alimleta Tatu, akiwa na miaka minne. Kirundi alikinyonya kwa mama yake, Kiswahili alikiokota kwa baba yake na majirani wa ufukoni, na vyote viwili alivimwaga bila kupumua. Siku ya sita mama akachoka. Akamwambia, "Mjukuu wangu, nyamaza kidogo. Masikio yangu ni mawili tu."

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Ukamchukua Hamisi. Serikali ikawahamisha watu wa ufukoni, wakae milimani mbali na mbung'o, na Nahimana akapanda na mtoto wake hadi kwa wazazi wake. Miaka mitano ikapita. Mwaka huu vichaka vya Rumonge vimekatwa na watu wameanza kurudishwa, na muuza mawese mmoja akatuletea habari: Nahimana amerudi, mtoto ni mzima, amekua, ila Kiswahili hana hata neno.

Mama yangu sasa haoni. Aliposikia habari hiyo akasema, "Uso wake sitauona hata ukiniletea. Mimi namtaka mdomo. Nilimwambia mtoto anyamaze, Bakari, na angalia, amenyamaza. Nenda kaniletee mjukuu wa kuzungumza naye, kabla masikio hayajafuata macho."

Nilimwambia ni majira ya mvua. Nikaenda.

Ujiji hadi Kagunga

Wapiga kasia walikuwa sita, na mkubwa wao Mzee Ramazani, mtu wa Ubwari ng'ambo ya ziwa, mfupi kama kinu. Waliniweka katikati ya mtumbwi juu ya mifuko ya chumvi, kwa kuwa chumvi na mimi, walisema, ni vitu viwili visivyotakiwa kulowa. Mapajani nilikuwa na kibao changu cha shule, bunda la chaki, na fimbo. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika ukingo.

"Mwalimu," Mzee Ramazani aliniambia, "weye unashika mutumbwi kama mutoto anashika titi ya mama yake. Achilia. Haitakimbia."

Sikuachilia. Lakini hata kwa jicho la woga niliona kitu cha kustaajabisha: watu sita, makasia sita, na maji yakipasuka mara moja. Hakuna aliyehesabu. Mmoja alianza wimbo, wengine wakauingia kama mtu anavyoingia nyumbani kwake, bila hodi.

Kagunga upepo ulitufunga siku tatu. Kila asubuhi Mzee Ramazani alikwenda majini, akatema mate, akayatazama yanavyoelea. "Leo hapana." Kesho yake, "Leo hapana." Siku ya nne mimi sikuona tofauti yoyote, mate ni mate, lakini kabla hajafungua mdomo wenzake walikuwa wameshainuka na makasia begani.

Katika kungoja huko tulikula migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo mpaka nikausahau wali. Nilimweleza Mzee Ramazani kazi yangu ya Rumonge, na jinsi nilivyopanga maneno mia mbili, kumi na mawili kila siku.

"Ya Ubwari nilitoka mudogo," akasema, akifyonza kichwa cha samaki. "Lugha ya kwetu ikapotea. Nilirudi kuzika baba, siku tatu niko bubu, watu wananisemea, miye nacheka tu kama mupumbavu. Siku ya ine wakanipa kasia. Nikasikia mudomo yangu inaimba maneno miye siyajui."

Nilimsikiliza kwa adabu ya msomi, yaani sikumsikiliza.

Kagunga hadi Nyanza

Hapa pana jambo ambalo wapiga kasia wameshalisambaza, basi bora mlipate kwangu.

Watu wa Nyanza siku hizi wamezoea daktari wa malale. Kila anapopita, watu hujipanga mstari naye huwapapasa shingo kutafuta uvimbe. Mimi nikashuka mtumbwini na kanzu nyeupe, kibao kwapani, nikaenda kukaa juu ya gogo ili dunia iache kuyumba. Nilipoinua macho, mbele yangu alikuwepo mzee ameinamisha kichwa, ukosi umefunguliwa. Nyuma yake mwanamke na binti yake. Nyuma yao watu kama ishirini.

"Amahoro, bwana," akasema mzee, akanisogezea shingo.

Ningesema nini? Kirundi changu kilikuwa salamu mbili. Nilidhani ni desturi ya kwao kumpokea mgeni, na mtu wa heshima hakatai desturi za watu. Nikaipapasa. Akashukuru kwa kupiga makofi, akaondoka akiwa amefurahi sana. Nikapapasa ya pili. Nilikuwa kwenye shingo ya tano, na nimeanza kuwa na maoni kuhusu shingo, daktari mwenyewe alipotokea na askari wake.

Alinisemesha Kijerumani. Nilifurahi moyoni! Miaka yote ile darasani, sasa ndiyo siku yake. Nikasimama wima kama zamani, nikafungua mdomo, nikatafuta. Chumba cha Kijerumani kichwani mwangu kilikuwa kitupu. Meza hakuna, kiti hakuna. Kule pembeni kabisa kilikuwa kimebaki kitu kimoja, nami nikakitoa kwa sauti kubwa na matamshi safi: nikamwambia bwana daktari, kwa Kijerumani, kwamba ng'ombe hutupa maziwa.

Akanitazama. Kisha akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula, "Vizuri. Na mbuzi je?"

Tangu saa hiyo mtumbwini jina langu likawa Bwana Ng'ombe. Nami, msidhani nilijifunza kitu. Niliyesahau lugha ya shule niliyoikalia miaka, nilikuwa bado najiona fundi wa kumkumbusha mtoto lugha yake kwa njia ile ile ya shule.

Nyanza hadi Rumonge

Sehemu hii ya ufuko inanyamazisha hata wapiga kasia. Unapita migomba iliyoota ovyo, nguzo za nyumba zisizo na paa, na mahali pa kutulia mitumbwi pameota matete. Kisha unakunja rasi ndogo na unaona moshi mmoja, miwili, mitano, na nyasi mpya za kuezekea ziking'aa. Watu wamerudi, na wamerudi wakifanya kazi. Nilipotua Rumonge hakuna aliyekuwa amekaa ila mimi.

Shemeji Nahimana alikuja ufukoni, mrefu, mtulivu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nyuma yake alisimama Tatu. Ana macho ya Hamisi. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

"Tatu, hujambo? Mimi baba yako mdogo. Unanikumbuka?"

Akatazama chini kwa adabu za milimani. Akasema, "Oya." Yaani hapana.

"Bibi yako anakusalimu."

"Ego." Yaani ndiyo, nimesikia, umemaliza?

"Shemeji," nilimwuliza Nahimana, maana yeye Kiswahili anacho, "huko juu hamkuwa mnazungumza naye hata kidogo?"

"Na nani?" akasema. "Kule juu nikisema Kiswahili, naona Hamisi amesimama kwa mulango. Nikaacha. Na mutoto akaacha."

Rumonge, ndani ya ua

Siku tisa. Asubuhi nilimkalisha Tatu mkekani, nikachora jiwe kibaoni, nikasema, "Jiwe." Akasema, "Jiwe." Nikachora samaki, nikachora nyumba. Alikuwa mwepesi, jioni maneno yote kumi na mawili alikuwa nayo. Kesho yake asubuhi nikainua jiwe lenyewe, la kweli, nikamwonyesha. Akalitazama kama ambaye hajapata kuona jiwe duniani.

Wenzake waliuzunguka ua. Ni watoto wa mchanganyiko, wa Kirundi, wa Ubwari, wa Ujiji, na Kiswahili chao hakina kanzu wala viatu: *mutoto iko wapi, weye kuya hapa, miye nataka*. Niliona kitamharibu. Nitampelekeaje mama yangu mjukuu anayesema hivi? Nikatoka na fimbo nikawafukuza. Msichana mmoja aliyekuwa kiongozi wao, Kashindi, aligeuka akiwa mbali akaniita jina ambalo nilijua limetoka mtumbwini.

Mama yake Kashindi ndiye jirani wa Nahimana. Ni mwanamke wa Ubwari mwenye mikono kama makasia, na ndiye mkuu wa kazi ya mawese pale. Alikuja akaegemea ua.

"Mwalimu. Mutoto anajifunza?"

"Anajifunza."

"Anacheka?"

"Masomo hayachekwi, mama."

"Aa." Akatazama kibao, akatazama Tatu, akanitazama mimi. "Miye nina shida moja. Vyungu ya mawese imepasuka. Iko fundi Minago. Miye siwezi kutuma mutu hivi hivi, nataka mutu mwenye akili, anajua kuhesabu."

Nilivimba kama chura. Siku ya kumi asubuhi nikaondoka kwenda Minago.

Minago na kurudi

Ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, nami miguu yangu imezoea uchochoro. Nilifuatana na wanawake wawili wenye mizigo ya muhogo kichwani, mmoja na mtoto mgongoni, na kila tulipofika kilima waliningoja juu wakizungumza kana kwamba wamesimama kwa ajili ya maongezi, wasinitie aibu. Nimewaheshimu kwa hilo kuliko kwa mizigo.

Fundi wa vyungu alishangaa kuniona. Vyungu vya Mama Kashindi? Viko, lakini havijachomwa. Alimwambia mwenyewe wiki iliyopita: vitakuwa tayari baada ya siku nne.

"Hakukuambia?"

Hakuniambia. Nikakaa siku nne Minago nikila ndagala, dagaa wa kule, kwa muhogo, nikamwandikia fundi barua kwa shemeji yake, nikanyeshewa. Siku ya sita tangu nitoke nikarudi Rumonge na vyungu, na wachukuzi wawili, na malengelenge yasiyohesabika.

Rumonge, mtumbwi usiokwenda

Kabla sijafika nyumbani nilisikia kelele kutoka chini ya michikichi, na sauti moja juu ya nyingine zote: "Weye! Hapana sukuma miye!" Nikasema moyoni, huyu naye ni mtoto wa nani, hana adabu. Nikachungulia.

Kule Rumonge, ngazi, yaani matunda ya michikichi, zikishachemshwa, hawazitwangi wote kinuni. Wana mtumbwi mkuukuu uliopasuka omo, wameuvuta nchi kavu na kuuziba kwa udongo. Humwagwa ngazi zikiwa zimepoa kiasi cha mguu kuvumilia, watoto huoshwa miguu kwa zamu, wakaingia, wakashika mti uliofungwa juu, wakakanyaga. Na ili wasichoke, mtumbwi unasafiri. Mama Kashindi husimama omo kama nahodha.

"Tunaenda wapi?"

"Ujiji!"

"Umebeba nini?"

Mtoto wa kwanza hutaja mzigo wake. Wa pili hutaja wa mwenzake na kuongeza wake. Wa tatu hivyo hivyo, na mzigo unarefuka huku miguu haisimami. Anayesahau amezama: hushuka akachota chungu cha maji ziwani, maana maji yanahitajika kuyaelesha mafuta. Hakuna kinachopotea pale, hata kusahau kunafanya kazi.

Na katikati ya wale watoto, mwekundu hadi magotini, mdomo wazi, alikuwa Tatu wangu.

"Miye nabeba chumvi ya Kashindi," anasema, "na ndagala kavu, na mukeka, na kuku mubili, na mwalimu anaogopa maji," hapo wote wakaanguka kwa kicheko, "na mbuzi moja iko na ndevu!"

Nilikaa chini na vyungu vyangu.

Mama Kashindi akanijia akipangusa mikono. "Siku ya kwanza amezama mara kumi na moja," akasema. "Anachota maji, anarudi, anacheka. Nikajua anasikia, maana anacheka pahali pa kucheka. Siku ya pili amezama mara ine. Siku ya tatu Kashindi akasema Tatu amesahau chumvi. Na Tatu hakusahau. Basi mutoto akapasuka: 'Mwongo! Nimesema chumvi!'"

Ndilo neno lake la kwanza la Kiswahili baada ya miaka mitano, lisilokuwa la kibao. Mwongo. Sikuwa nimelipanga katika yale mia mbili.

"Lakini mama," nilijitahidi, "hicho si Kiswahili cha Ujiji."

"Bibi yake anataka Kiswahili ya Ujiji, ao anataka mujukuu?"

Nahimana alikuwa pembeni akichochea moto. Alikuwa akimtazama binti yake, na midomo yake ilikuwa ikisogea: chumvi, ndagala, mkeka. Akaniona nimeona, akainama kwenye kuni.

Kesho yake walinitia mtumbwini. Walisema mwalimu naye akajifunze. Nilizama mara saba. Kuku wawili kila mara walinitoka, na Kashindi alinipokea ukingoni na chungu kitupu na uso wa hakimu. Nilikanyaga siku nane, mpaka kazi ilipokwisha, na ninawaambieni ndugu zangu: hakuna mtoto hata mmoja pale aliyepata kufundishwa Kiswahili na mtu, na hakuna aliyekuwa bila. Tatu alikuwa kila asubuhi anakuja na maneno ambayo jana hakuwa nayo na ambayo sikumsikia yeyote akimpa. Yalikuwa yakija yenyewe, kama mbuzi wanaorudi zizini kwa kuwa wamesikia wenzao.

Rumonge hadi Ujiji

Nahimana alisema hamtoi mtoto kwa mtu anayeshika ukingo wa mtumbwi, hivyo akaja naye. Nafuu yangu. Mzee Ramazani alituchukua, na upande wa mbele kulikuwa na vyungu viwili vya mawese mapya, zawadi ya Mama Kashindi kwa mama yangu.

Hadi Nyanza Tatu aliimba na wapiga kasia. Baada ya Nyanza akapunguza. Kagunga hatukulala ila usiku mmoja, na asubuhi yake nikamwuliza, "Umeamkaje?" akatazama chini. "Ego."

Nikamwuliza tena.

"Mwache," alisema Mzee Ramazani.

Sikumwacha. Nilimwuliza hiki, nikamwuliza kile, hili linaitwaje, na lile? Kadiri nilivyouliza ndivyo alivyojikunja kwa mama yake. Tulipoziona nyumba za Ujiji nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mama yangu, yote ya uongo.

Ujiji

Mama alikuwa mkekani, amefunga kitambaa kipya. Alinyoosha mikono hewani. Nahimana akamsukuma Tatu taratibu, mama akampapasa kichwa, masikio, mabega. "Amekuwa mrefu," akasema. "Haya. Niambie."

Tatu hakumwambia kitu.

Siku ile ikapita. Ya pili ikapita. Mtoto alikula, alifagia, alimchotea bibi yake maji kwa heshima kamili, na mdomo ulikuwa umefungwa kama duka la Ijumaa. Mama yangu hakulalamika. Alikuwa amekaa akigeuza sikio kila nyayo za mtoto zinapokwenda. Nami, Mungu anisamehe, siku ya pili alasiri nilikwenda kukitoa kibao.

"Ni nini hicho kinakwaruza?" mama akauliza.

"Kibao, mama."

"Kirudishe."

Asubuhi ya tatu miguu ilikuwa inamwuma mama. Ni desturi yake ya miaka mingi, kukandwa kwa mawese ya moto kidogo. Nahimana akapasha kikombe kimoja cha yale ya Mama Kashindi, akampa Tatu. Harufu ikajaa nyumba nzima. Mtoto akapiga magoti, akachovya mikono, akaishika miguu ya bibi yake, akaanza kukanda, kwanza huu, kisha huu, kwa mwendo ambao mimi niliujua na mama hakuujua.

Mambo ya mtumbwi wa Rumonge sikuwa nimemsimulia mama hata kidogo. Ningeanzaje bila kufika kwenye kuzama kwangu? Alikuwa ameegemea ukuta tu, akinusa, na akasema kama mtu anavyomwambia mgeni yeyote:

"Mafuta mazuri. Huyu Bakari hata hajaniambia mlikuja na nini. Mjukuu wangu, umebeba nini?"

Mikono ya Tatu haikusimama.

"Miye nabeba chumvi ya Kashindi," akasema. "Na ndagala kavu. Na mukeka. Na kuku mubili. Na mwalimu anaogopa maji." Mama akashtuka, akaanza kucheka, tumbo likitikisika. "Na mbuzi moja iko na ndevu." Hapo ndipo mwisho wa mzigo, siku zote nane ulikuwa ukiishia kwa mbuzi. Lakini Tatu alivuta pumzi, akaendelea kukanda, akasema, "Na mimi na kivuli changu."

Kicheko cha mama kikakatika.

Nilimtazama Nahimana. Alikuwa amesimama mlangoni. "Siye miye," akaninong'oneza. "Sijamufundisha. Miye mwenyewe nilisahau." Na kule Rumonge hakuna aliyekuwa akilisema, nina hakika, nimekanyaga nao siku nane. Baadaye nilimwuliza mtoto mwenyewe amelipata wapi. Alinitazama kama nimemwuliza amepata wapi magoti.

Mama yangu aliuvuta mguu wake taratibu, ukiwa unang'aa mafuta. Akakaa sawa. Akaelekeza uso pale sauti ilipokuwa.

"Ingia basi," akasema, "wewe na kivuli chako. Mna njaa?"

"Sana," akasema Tatu. "Iko nini?"

Tangu siku hiyo hajanyamaza. Ameshamweleza bibi yake habari za milima, za ng'ombe wa babu yake, za Kashindi ambaye ni mwongo lakini ni rafiki, na za baba mdogo aliyezama mara saba kwa sababu ya kuku. Akikosa neno analitia la Kirundi, na Nahimana, kutoka jikoni, hulitafutia mwenzake la Kiswahili. Jana nilimwona mama amefungua kinywa, kama mtu aliyechoka anayetaka kuomba jambo. Kisha akakifunga, akamsogezea sikio la pili.

Nilikuwa barazani nikijisifu kidogo mbele ya wateja wangu, kwamba safari yangu imezaa matunda, kwamba si kila mtu angeweza. Bi Sikudhani alikuwa akianua nguo upande wake wa ua. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akakunja kanga yake vizuri, akasema haya, nami nayaandika kama alivyoyatamka:

"Bakari, yule bibi na mjukuu wake hawakuhitaji mwalimu. Walihitaji mtumbwi tu, na mzigo mzito ulikuwa wewe."